Uso Wangu na Misokoto Sita ya Tudor

Tangu nirudi sijakaa barazani nikanywa kahawa kwa raha. Kila anayepita anauliza lile lile: "Athmani, uliondoka na mfuko mmoja, umerudi na shangazi. Kulikoni Mombasa?" Nikianza kueleza, mmoja ananikatiza, mwengine anacheka, wa tatu keshakwenda kuwasimulia watu mambo yasiyokuwa. Basi nimeandika. Anayejua kusoma na asome, asiyejua na asomewe, lakini nisiulizwe tena.

Kazi yangu mnaijua. Napiga zumari, kama alivyopiga baba yangu hapa hapa Lamu. Asiyejua hudhani zumari ni vidole. Si vidole, ni mashavu. Pua inavuta pumzi huku shavu linasukuma nyingine, ili sauti isikatike, na midomo imebana kile kijisahani cha chuma hata hewa isipate pa kutokea. Shavu likikataa kazi, huna zumari. Una kijiti chenye matundu.

Alfajiri moja, nikitawadha, nilitia maji mdomoni kusukutua. Maji yakatoka yenyewe, yakateremka kidevuni upande wa kushoto. Nikatia tena, yakatoka tena. Nikaenda kwenye kioo na taa. Nusu ya uso wangu ilikuwa imelala. Mdomo umevutwa kulia, na jicho la kushoto lanitazama wazi, nikilifumba halifumbiki. Nilishikwa na hofu ambayo sijapata kuijua, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Tabibu wa zahanati alinipima mikono na miguu, akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba, na mara nyingi hurudi wenyewe. Nikamuuliza lini. Akasema pengine wiki tatu, pengine miezi mitatu, pengine zaidi. Akanipa vidonge. Nami nilikuwa na siku ishirini na tatu tu, kwa sababu siku ya ishirini na tatu ilikuwa arusi ya Mwanaesha, mtoto wa marehemu kaka yangu Bakari. Bakari alipokuwa anakata roho nilimshika mkono nikamwahidi kwamba siku ya mtoto huyu zumari nitapiga mimi, si mtu mwengine. Ahadi ni deni, na aliyenidai yuko kaburini. Sikuwa na wa kumwomba muda.

Ndipo baharia mmoja akanambia, "Mombasa, Tudor, yuko mama wa Kichina anatibu uso kwa moto. Mtu wa kreni bandarini alikuwa hivyo hivyo, kanyooka." Sikuuliza mara mbili.

Lamu mpaka Garsen

Miaka ile, kama mnavyokumbuka, mabasi hayakuwa yakienda peke yake kwa ajili ya majambazi wa njiani. Yalingojana Mokowe mpaka waje askari na bunduki zao. Tulingoja tangu asubuhi hata adhuhuri, mvua ikinyesha, mimi nimeuelekeza uso dirishani nisitazamwe.

Sasa, kuna jambo ambalo sikulijua mpaka siku ile. Mtu akipepesa, macho hufumba yote mawili, na hakuna anayeona ajabu. Mimi lilikuwa likifumba la kulia tu. Na kwa kuwa upande wa pili wa njia ya basi alikaa bwana mmoja wa Kipokomo, kifua kama mlango, na mkewe amekaa ukingoni karibu yangu, kila nilipogeuka kumtazama dereva amefika wapi na matope yake, jicho langu lilikuwa likifanya kazi ambayo mimi sikulituma.

Tulipofika Garsen lori lilikuwa limekwama mbele, hakuna kupita. Watu wakashuka, wakaingia hotelini kula kambare na wali. Mimi nilikaa pembeni. Nikitia wali mdomoni, nusu unarudi sahanini. Yule bwana akaja akasimama juu ya meza yangu.

"Wewe," akasema polepole. "Tangu Witu unamkonyeza mke wangu."

Nikasema, "Mimi? Haki ya Mungu sijamkonyeza mtu." Lakini yalitoka na mate na punje za wali, nusu ya maneno hayakusikika. Na kwa hofu nikapepesa.

"Na sasa unanikonyeza mimi," akasema, akanishika ukosi wa kanzu.

Niliona ngumi inavyojikunja, nikawaza, ikinipiga upande mzima basi nitakuwa sina upande. Mke wake ndiye aliyeniokoa. Alikuja, akanitazama usoni bila haya, kama mtu anayetazama kidonda cha mwanawe.

"Mwachilie," akamwambia mumewe. "Mgonjwa huyu. Jicho lile halifungi. Tazama wali wake ulivyo."

Yule bwana akaniachilia. Akatazama wali, akatazama uso, akavuta kiti akakaa. Kisha akavuta sahani yangu, akaanza kunitolea miba kwenye samaki mmoja mmoja. "Tia kidole hapa," akasema, akijibonyeza shavu lake mwenyewe karibu na pembe ya mdomo. "Mama yangu mzee alikuwa hivi. Bonyeza hapa, chakula hakitoki." Nikabonyeza, nikala, wali haukutoka. Mkewe naye alichana ukanda wa leso yake kuukuu akanifunga jicho, akasema vumbi na upepo ndivyo vitakavyolipofua, si ugonjwa. Tulilala pale pale garini. Asubuhi yule bwana alinipa mkono, akanambia nisije nikafika Mombasa nikawakonyeza wake za watu wasio na subira kama yake.

Garsen mpaka Kibokoni

Tuliingia kisiwani Mombasa alasiri ya siku ya pili, nimebakiwa na siku ishirini na moja. Nikateremka Mwembe Tayari, nikaenda kwa miguu mpaka Mji wa Kale, Kibokoni, nyumbani kwa Shangazi Bi Rukia, dada wa baba yangu. Ni mjane, hakujaliwa mtoto, na baada ya mama yangu kufa yeye ndiye aliyetulea mimi na Bakari miaka minne kabla baba hajaoa tena. Akafungua mlango, akanifungua kitambaa jichoni, akanitazama sana.

"Ulikojoa wapi?" akaniuliza.

"Shangazi, sijakojoa mahali."

"Hili ni kofi la jini. Umemkojolea mtu wa watu uani kwake, akakuzaba. Haya, kumbuka. Chini ya mti? Kwenye gofu?"

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nataka mlisome vizuri kwa sababu mengine yote yametoka humu. Nilijua nikimwambia nimekuja kwa mama wa Kichina anichome moto, hatanipa nafasi ya kupumua. Atalia, ataita majirani, atasema nimemwacha Mungu. Nami nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Nimekuja kwa sheikh mmoja, yuko Tudor. Atanisomea kila asubuhi."

Uso wake ukakunjuka. "Ahsanta," akasema. "Umekuwa mtu mzima sasa."

Kibokoni mpaka Tudor

Nilikwenda kwa miguu kila siku baada ya swala ya alfajiri, kwa kuwa garini watu hutazamana. Jumba la yule mama wa Kichina liko karibu na maji ya Tudor. Mlinzi wake ni Mkamba mmoja aitwaye Mutua. Siku ya kwanza alininusa kabla hajanijibu salamu. "Ukisikia harufu huko juu usiogope," akanambia. "Si bangi. Polisi walishakuja mara mbili, wakaondoka na aibu yao."

Mwenyewe, Daktari Mei, alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na Kiswahili chake kilinishangaza, kwa sababu kilikuwa cha Kipemba kitupu. Alikaa Pemba miaka saba na madaktari wenzake kabla ya kuja Mombasa. Akanikalisha, akanambia, "Nyanyua nyusi." Ikanyanyuka moja. "Fumba macho." Likafumba moja. "Jaza hewa mashavuni." Hewa ikatoka kushoto, fyu. Akaandika.

"Utanyooka lini?" nikamuuliza. "Nina arusi."

"Mie sijui," akasema. "Mshipa una njia yake. Mie naupasha moto, damu ipite. Vidonge ulivyopewa umemaliza? Basi. Atakayekwambia siku, muongo."

Akatoa msokoto mnene kama kidole gumba, majani makavu yaliyofungwa kwa karatasi nyeupe. Akauwasha ncha, ukawa unafuka bila mwali. Akausogeza nyuma ya sikio langu bila kugusa ngozi, na vidole vyake viwili ameviweka hapo hapo kando, ili joto alisikie yeye kabla sijalisikia mimi. Kisha shavuni. Kisha pembeni mwa mdomo. Lilikuwa joto la kuingia polepole, kama jua la asubuhi mtu akikaa ukutani. Mpaka hapo niliridhika. Halafu akanishika mkono, akaanza kunipasha baina ya kidole gumba na cha shahada.

Nikauondoa mkono. "Daktari, ninaumwa uso."

"Najua."

"Huu ni mkono."

"Najua," akasema tena. "Njia ya uso inapita hapa. Rejesha mkono."

Nikaurejesha, lakini moyoni nikasema nimepatikana. Siku saba nilikwenda hivyo. Kila swala nilikuwa nikijipima kwa maji ya kusukutua, mara tano kwa siku, na mara tano kwa siku maji yalikuwa yakitoka. Mchana nilikaa na zumari mapajani, sikuthubutu kuitia mdomoni. Shangazi aliuliza kila jioni, "Sheikh asemaje?" Nami nilisema, "Asema subira."

Siku ya saba Daktari Mei akanambia anakwenda Nairobi kuchukua sanduku lake la dawa, atarudi na garimoshi siku ya sita. Akanipa misokoto sita, iliyobaki yote. "Kila siku mmoja. Mtafute mtu akushikie, nyuma ya sikio mwenyewe huoni. Usiguse ngozi. Na jicho ndilo la kwanza kuliko mdomo, unanisikia? Mdomo ukichelewa utasubiri. Jicho halisubiri. Moshi usiingie."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne.

Siku ambayo sikwenda mbali

Nilikusudia kumwomba kinyozi wa mtaani anishikie. Nikaiweka misokoto juu ya kabati. Shangazi akaiona.

"Nini hivi?"

Ulimi uliokwisha kusema uongo mmoja hautafuti sana wa pili. "Udi, Shangazi," nikasema. "Udi aliosomea sheikh."

Akaushika kwa mikono miwili, akaunusa, akasema bismillahi. Nami nikaenda msikitini kuswali alasiri.

Niliporudi nilikuta kigoda katikati ya chumba, chetezo kina makaa mekundu, na blanketi limeandaliwa. Mafusho. Mimi na Bakari tulifukizwa vile utotoni kwa kila homa na kila jinamizi. Nikawaza, acha nimridhishe mzee, ubani haujamuua mtu. Nikafungua ukanda wa leso jichoni, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, nikakaa, akanifunika gubigubi na chetezo miguuni.

Moshi ulikuja mzito kuliko wa ubani. Nikavuta pumzi moja na harufu nikaitambua. Ilikuwa ya Tudor.

Jicho la kulia lilifumba. La kushoto lilibaki wazi ndani ya moshi ule, na mimi sina uwezo wa kulifumba. Nilihisi kama nimetiwa mchanga na pilipili. Nikajaribu kuinuka, Shangazi akalikaza blanketi juu ya mabega yangu. "Vumilia, mwanangu," akawa ananambia. "Jini huyo atoka. Atoka." Nikasukuma kwa nguvu, chetezo kikapinduka, makaa yakatawanyika. Sakafuni palikuwa na karatasi sita nyeupe, amezikunjua vizuri na kuzipanga kwa heshima, tupu.

Nilipiga kelele. Nilimwita mjinga. Nilimwambia ameniua, ameniharibia, na mtaa mzima wa Kibokoni ukasikia. Dada wa baba yangu, aliyenilea. Maneno yenyewe yalitoka yamepinda na mate yakinidondoka, lakini aliyaelewa yote.

Alingoja mpaka nikaishiwa na pumzi. "Si ulinambia ni udi?" akasema. "Udi watiwa wapi?"

Akainama, akaanza kuokota makaa kwa vidole vitupu, moja moja, akiyarudisha chetezoni bila haraka, kama mtu anayeokota tende. Alipomaliza akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Magharibi jicho lilikuwa jekundu na sioni nalo ila ukungu. Asubuhi nilikuwa kwenye hospitali ya macho. Daktari akalitazama kwa taa, akasema kioo cha jicho kimechubuka, akanipa dawa ya matone, akalifunga, akanionya kwamba likichubuka tena pale pale atakuwa hana la kunisaidia. Siku tano nilikaa sijui kama nitakuwa chongo au la. Mnaponiona nacheka sasa, jueni siku zile nililia, na nililia kwa jicho moja.

Shangazi hakunisemesha. Lakini kila mlo nilioukuta mlangoni ulikuwa wa laini: mkate wa mofa umelowekwa mchuzini, ndizi zimepondwa kwa nazi, samaki ametolewa miba yote. Hakuna nilichohitaji kukitafuna. Nilikula nikiona haya, na haya ile ikageuka hasira, na hasira ikanizuia kusema neno moja ambalo lingemaliza mambo. Mimi ndivyo nilivyo.

Makupa mpaka Kibarani, kwa miguu

Siku ya kurudi kwa Daktari Mei nilikuwa Tudor mapema. Basi la kwetu lilikuwa likiondoka kesho yake, na kwa mvua zile hakuna aliyejua jengine litapita lini. Zilikuwa zimebaki siku nane. Saa tatu hayupo. Saa tano hayupo. Mutua akaja na habari kwamba mvua imekula tuta la reli, garimoshi limesimama ng'ambo, abiria wanateremshwa kule kule, na barabara ya Makupa, inayounga kisiwa na bara, imeziba kwa malori, hakuna gari linaloingia wala kutoka.

"Mngoje hapa," Mutua akasema. "Atafika tu."

Siwezi kungoja, sikuumbwa hivyo. Nikaenda Makupa. Malori yalikuwa yamepangana mpaka mwisho wa macho, madereva wamekaa kwenye vivuli vyake wakila mihogo. Watu walikuwa wakija kwa miguu kutoka bara na masanduku vichwani, mamia, nami nakwenda kinyume chao, natazama kila uso kwa jicho moja. Upande wa Kibarani jaa lilikuwa likifuka moshi, na upepo unauleta barabarani. Nikaziba jicho lililofungwa kwa kiganja juu ya bandeji. Nikawaza, akiwa ameshanipita? Akiwa amebaki Nairobi? Nikawaza nitakavyosimama siku ya arusi na mtu mwengine anapiga zumari, na Mwanaesha ndani anasikia kwamba si mimi.

Nilimwona karibu na mwisho wa daraja la mawe la Makupa. Alikuwa amebeba sanduku limefungwa nailoni, amelowa matope mpaka magotini.

"Umefanya nini jicho?" ndiyo salamu yake.

Nikamweleza. Pale pale, lori linanguruma ubavuni, nikamweleza uongo wa kwanza na wa pili, chetezo, blanketi, misokoto sita kwa mara moja. Hakucheka. Alikasirika mpaka Kipemba kikamtoka chote, nusu sikukielewa. Kisha akaweka sanduku juu ya jiwe, akanigeuza nikaupa moshi mgongo, akafungua bandeji.

"Fumba," akasema.

Nikafumba. "Tena." Nikafumba tena. Akaleta uso wake karibu.

"Linashuka," akasema. "Halijafika, lakini linashuka. Jaza hewa."

Nikajaza. Hewa ikatoka, fyu. Akanibonyeza shavu kwa kidole, pale pale aliponionyesha yule bwana wa Garsen. "Jaza." Nikajaza, ikakaa. Shavu likasimama. Alipoondoa kidole ikatoka.

"Mshipa unaamka," akasema. "Arusi lini? Siku nane? Peke yake shavu halitaweza. Usinitazame hivyo, mie si Mungu. Nani atakushikia dawa huko kwenu?"

Nilifikiri kidogo. "Shangazi," nikasema, nikajishangaa mwenyewe.

"Yule aliyechoma sita?"

"Huyo huyo."

Akainua sanduku lake. "Kamlete."

Kibokoni, kisha Tudor tena

Nilimkuta Shangazi anachambua mchele sebuleni. Nikakaa sakafuni mbele yake kama nilivyokuwa nikikaa zamani nikiwa na kosa. Nikamwambia hakuna sheikh. Yuko mwanamke wa Kichina, na ile si udi, ni dawa ya kupasha, na nilimficha kwa sababu nilimwogopa. Nikasema nimemtukana na kosa ni langu.

Aliendelea kuchambua. Alitoa mawe matatu kwenye mchele, akayaweka pembeni.

"Ungelisema," akasema. "Ungelisema ni moto wa kushikwa mkononi, ningelishika. Hii mikono yashika moto tangu hujazaliwa." Kisha akasema kwa sauti nyengine, "Nilitaka kukuponya kabla ya arusi ya mtoto wa Bakari. Huyo pia ni mjukuu wangu. Wafikiri ahadi ni yako peke yako?"

Alasiri ile tulikwenda Tudor pamoja, yeye na buibui lake, anaamkiana na nusu ya watu wa njiani. Nilitarajia vita. Daktari Mei alimpa msokoto uliowashwa, akamwonyesha nyuma ya sikio, akamwambia umbali, vidole viwili kando ya ngozi. Shangazi akauweka. Hakutetemeka. Daktari akatazama, akasogeza mkono wake karibu apime joto, akautoa.

"Huyu kafunzwa na nani?" akaniuliza.

"Chetezo," nikasema.

Shangazi naye, tukiwa njiani kurudi, alisema Mchina yule ana adabu, ila hajui kitu kuhusu majini.

Kurudi

Asubuhi mimi na Shangazi tulipanda basi pamoja. Mfukoni mwake alikuwa na nguo mbili na misokoto kumi, na chetezo pia, kwa tahadhari. Kila msafara uliposimama alinikalisha chini ya ubavu wa basi akanipasha. Askari mmoja alifuata harufu mpaka kwetu na bunduki yake. Akamkuta bibi wa miaka sabini amelishikia jitu zima kitu kinachofuka sikioni, akasimama hajui amkamate nani. Shangazi alimwambia aondoke, anamzuilia upepo.

Siku sita zile za nyumbani mliniona kidogo, nilijificha. Jicho lilikuwa likifumba karibu lote. Maji ya kusukutua yalikuwa yakitoka bado, ila machache. Asubuhi ya arusi nilijaribu zumari uani, ikalia, ikakatika. Ikalia, ikakatika.

Na mlikuwapo alasiri ile tulipomtoa bwana arusi, kwa hiyo mliona. Nilianza vizuri. Hatukufika hata nusu ya njia, hewa ikatoka pembeni mwa mdomo na sauti ikakatika. Ngoma zikaendelea kidogo, kisha nazo zikanyamaza, na wanaume wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Vidole vyangu vilikuwa vyote juu ya matundu, sina mkono wa tatu.

Nyinyi mliona bibi mwenye buibui anapenya katikati ya wanaume, mkanung'unika. Mimi nilichosikia ni vidole viwili vinanigusa shavu, vikasogea kidogo, vikatafuta, vikabonyeza pale pale.

"Shangazi," nikasema, "hapa ni kwa wanaume."

"Nimekuosha tangu huna meno," akasema. "Piga."

Nikapiga. Tukaenda hivyo hatua kwa hatua, mimi na yeye ubavuni, mpaka mlangoni kwa Mwanaesha, na sauti haikukatika tena. Ndani nilisikia vigelegele. Basi aliyesema kwamba nilikuwa mgonjwa nimeshikiliwa nisianguke, ukweli ni huu niliousimulia. Wengine mwasema ni vidonge vilivyoniponya, wengine moto wa Kichina, wengine siku zenyewe. Shangazi asema ni mafusho, yalichelewa tu kufanya kazi. Mimi simbishii.

Leo alfajiri nilitawadha. Nikatia maji mdomoni nikasukutua, nikayageuza huku na huku, nikajaza mashavu yote mawili. Hayakutoka hata tone, mpaka nilipoyatema mwenyewe. Ni siku ya nne sasa hayatoki. Jioni nitakaa kwenye kigoda kama kawaida, atawasha msokoto, ataweka vidole viwili nyuma ya sikio langu, ataniuliza, "Bado?" nami nitasema bado kidogo. Akijua nimepona atafunga nguo zake mbili arudi kwenye nyumba ile ya Kibokoni peke yake. Kwa hiyo mliosoma haya, mkimwona, msimwambie.